Miaka Minne ya Kazi za Darasani, na Daftari la Kibanda cha Mama



Wazazi wetu, ndugu zetu na wanafunzi wenzetu, tunawaandikia kutoka Jinja, Uganda. Sisi ni pacha, wasichana wawili, na swali tunalotaka kulijibu leo tumeulizwa mara nyingi mno: dukani, kwenye harusi, hata nje ya msikiti baada ya Ijumaa. Mzazi anatusimamisha na kusema, “Hebu nielezeni nyinyi mliomaliza. Huu mtaala mpya ni masomo au ni mchezo? Mtoto wangu kila siku anadai chupa tupu, majivu, karatasi za manila, pesa ya kuchapisha. Mbona simwoni akisoma?” Hatuwezi kumjibu kila mtu barabarani, na jibu lenyewe si fupi. Ndiyo maana likizo hii tumekaa chini tukaandika, mmoja akitamka na mwingine akiandika, kisha tukabadilishana.

Sisi tulikuwa kundi la kwanza. Mtaala mpya wa kidato cha 1 mpaka cha 4 ulianza Uganda Februari 2020, na sisi ndio tuliovaa sare mpya mwezi huo. Hatukumaliza hata muhula. Machi shule zote zilifungwa kwa ajili ya korona, zikaja kufunguliwa kwa zamu, zikafungwa tena Juni 2021, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili. Tuliporudi tulipandishwa kidato bila mtihani, na madawati mengine yalikuwa wazi. Wavulana kadhaa walikuwa wameshazoea pesa ya kukata miwa. Wasichana watatu tuliokuwa tukikaa nao mstari mmoja walikuwa wameolewa au wanalea. Mmoja wao tulimkuta sokoni, akatuuliza kama bado tunafundishwa na mwalimu yule yule wa hesabu. Sisi wenyewe miaka hiyo tulikuwa kwenye kibanda cha Mama, tukisukuma chapati. Tunayataja haya kwa sababu wengi wanaolinganisha matokeo yetu na ya kaka zetu husahau tulikotokea.

Kaka yetu mkubwa alisoma mtaala wa zamani. Ana sanduku la bati limejaa daftari alizonakili kutoka ubaoni, na mpaka leo akiulizwa sababu za vita fulani anazitaja kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya kumi, bila kupumua. Wakati wake mtihani wa mwisho ndio uliokuwa karibu kila kitu. Kwetu sisi mambo yaligawanywa: alama 80 kati ya 100 zinatoka kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha 4, na 20 zinatoka kwenye kazi za darasani ambazo walimu huzituma kwa baraza la mitihani, UNEB. Kila mada ikiisha unapewa kazi yenye kisa. Kwa mfano, kuna kijiji kina kisima, watu wanaumwa matumbo, na wewe umesoma kemia na baiolojia. Waandikie viongozi wa kijiji ueleze wafanye nini na kwa nini. Halafu juu ya hayo kuna mradi. Kaka alipotuona tunachora ramani ya kisima sakafuni alicheka akasema, “Nyinyi mnacheza, mtihani utawakuta.” Hatumlaumu. Hata baadhi ya walimu walikuwa wakisema hivyo hivyo chini chini.

Kazi ya kwanza iliyotutikisa ilikuwa ya jiografia, kidato cha 2. Mwaka 2020 ziwa Nyanza, au Victoria kama lilivyo vitabuni, lilikuwa limefurika likaingia katika nyumba za mwalo wa Masese, si mbali na kwetu. Mwalimu alitutuma tuwahoji watu wa mwalo: maji yalifika wapi, na je, yaliwahi kufika hapo kabla? Tulirudi na ukurasa mmoja wenye maneno mazuri. Tuliandika kuwa wazee wanasema ziwa halijawahi kupanda namna hii tangu dunia iumbwe. Mwalimu hakuweka alama yoyote. Aliandika pembeni maswali matatu kwa kalamu nyekundu: Nani amesema? Ana umri gani? Miaka hiyo aliishi wapi?

Tukarudi Masese Jumamosi iliyofuata. Ikaonekana kwamba wengi wa wale “wazee” walihamia hapo miaka ya tisini. Mmoja tu ndiye aliyekuwa mtoto mwaloni wakati Uganda inapata uhuru, mwaka 1962, na yeye alikuwa na maneno tofauti kabisa. Alisema mvua za miaka ile zilileta maji mengi kama haya, akatuonyesha kwa fimbo jiwe lililo juu kidogo ya mwembe: hapa yalifika nilipokuwa mdogo, na hapa yamefika sasa. Tukaandika. Mwalimu alipotusomea vipimo vya maji vinavyochukuliwa hapa hapa Jinja, tukakuta kuwa mwaka 1964 ziwa lilifika mita 13.41 katika kipimo hicho, na Mei 2020 likafika mita 13.42. Sentimita moja! Mzee wa fimbo alikuwa na haki kuliko sote, na kuliko gazeti moja tulilokuwa tumebandika ukutani darasani. (Mei 2024, tukiwa kidato cha 4, ziwa lilipanda tena likapita hata hicho cha 2020, na safari hii wanafunzi wa chini yetu ndio waliotumwa.)

Tulipomweleza ustadhi wetu wa madrasa maswali yale matatu, alicheka mpaka akafuta macho. Akatuuliza kwani tulidhani wanazuoni wa hadithi walifanya kazi gani usiku na mchana, wakisafiri miji na miji kumjua mpokezi mmoja tu: nani alimwambia, walikutana lini, kumbukumbu yake ilikuwaje. Sisi tulikuwa tumesoma habari za isnadi katika somo la dini, tena tukapata alama nzuri. Lakini tulikuwa tumezisoma kama mambo ya watu wa zamani. Hatukuwahi kudhani kuwa ndicho kitu ambacho mwalimu wa jiografia alikuwa anatudai.

Kiswahili nacho kilituletea mambo. Katika mtaala huu kila mwanafunzi wa kidato cha 1 na cha 2 lazima akisome, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe lugha rasmi ya nchi, lakini walimu wa kukifundisha walikuwa wachache mno. Walukuba, mtaa wetu, ulijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, watu wa makabila mengi, kwa hiyo Kiswahili kwetu ni cha nyumbani. Tukajiona wafalme wa darasa. Mwalimu akatuambia kuwa sisi tunaongea vizuri ila tunasema “kitabu yangu” na “watoto ile.” Ikabidi tuanze upya, na tulipokwenda nyumbani na “kitabu changu,” Mama akatutazama kwa muda akasema, “Sasa mnanisahihisha mimi niliyewafundisha kusema?” Mpaka leo kwake tunasema kama yeye.

Sasa tuje kwenye mradi, maana hapo ndipo lilipo jibu la swali lenu.

Tulikuwa kidato cha 3, mwaka 2023. Darasani kwetu karibu kila mtu alitaka kutengeneza sabuni ya maji. Si vibaya, sabuni inahitajika, lakini ikiwa wanafunzi sabini wanatengeneza sabuni ile ile kwa dawa zile zile kutoka duka lile lile, hatuoni ni nani aliyejifunza ila mwenye duka. Mwalimu wetu wa ujasiriamali alituuliza, “Nyumbani kwenu kuna nini ambacho hamkielewi?” Tukatazamana. Kitu tusichokielewa kilikuwa kibanda cha Mama. Anauza chapati, maandazi na chai kando ya barabara tangu baada ya alfajiri mpaka saa nne asubuhi, halafu tena jioni. Wateja wapo, foleni ipo, sigiri haizimi. Lakini kila muhula karo yetu ilichelewa, na kila muhula tuliitwa majina mbele ya gwaride. Pesa ilikwenda wapi?

Basi tukaomba ruhusa tuandike kila kitu kwa wiki sita. Unga uliotumika, mafuta, mkaa, chapati zilizotoka, zilizouzwa kwa pesa taslimu, zilizochukuliwa kwa deni, na zilizoliwa na sisi wenyewe, ambazo hazikuwa chache. Mmoja wetu alishika zamu ya alfajiri, mwingine ya jioni. Mizani tuliazima dukani. Tuliepuka muhula wa kwanza kwa sababu ya Ramadhani, maana mwezi huo biashara ya asubuhi haipo, tukaanza Juni. Lakini Idd ya kuchinja iliangukia tarehe 28 Juni, kibanda kikafungwa, na siku mbili baada yake watu walikuwa na nyama majumbani, hawakununua kitu. Tulijadiliana sana kama siku hizo tuziingize au tuziache. Mwishoni tuliziacha, tukaeleza kwenye ripoti kuwa tumeziacha na sababu yake. Hilo linaonekana jambo dogo. Kwetu lilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya shule kuamua jambo ambalo halikuwa na jibu nyuma ya kitabu.

Mama hakufurahi mwanzoni. “Mnanipeleleza?” aliuliza. Mama hakumaliza shule ya msingi. Hesabu zake ziko kichwani na kwenye ukuta wa kibanda, vijistari vya mkaa ambavyo yeye peke yake ndiye anayevisoma. Siku ya kwanza tulimuuliza asubuhi moja inakula mkaa kiasi gani. Akasema mikebe mitatu ya rangi, na siku ya mvua mikebe mitatu na nusu, kwa sababu mkaa unakuwa na unyevu na kuni za kuuwashia hazikamati. Tulipima wiki sita. Mikebe mitatu, na siku za mvua mitatu na nusu. Wala hakutusimanga, alituuliza tu kama mizani tumeirudisha salama kwa mwenyewe.

Wiki ya tatu tulijumlisha kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo usingizi ulipopungua. Katika kila chapati tano, karibu moja ilikuwa imeondoka kwa deni. Na katika madeni hayo, mengi yalikuwa hayajarudi. Mkaa haukuwa tatizo, unga haukuwa tatizo, hata sisi walaji hatukuwa tatizo kubwa kama Mama alivyopenda kusema. Pesa ya karo ilikuwa inatembea mtaani na miguu yake. Na mdaiwa mkubwa kuliko wote, aliyechukua chapati na chai asubuhi na jioni kwa familia nzima, alikuwa ndugu wa karibu wa Baba.

Tufanye nini? Ripoti ingesomwa na mwalimu, ingewekwa kwenye maonyesho ya mwisho wa muhula ambapo wazazi wanaalikwa, na jina la mtu yule linajulikana Walukuba yote. Usiku tulibishana kwa kunong’ona, maana chumba ni kimoja na Mama amelala upande wa pili wa pazia. Mmoja wetu alisema: tumeambiwa tuandike tulichokiona, na hiki ndicho tulichokiona, tukikificha, mradi hauna maana, na alama zake ni za mtihani wa taifa. Mwingine akasema: sitara ya ndugu yako ni amana, alama si udhuru wa kumvua mtu nguo barabarani. Ndugu wasomaji, hatukukubaliana usiku ule wala uliofuata. Kuwa pacha hakusaidii kitu katika mambo kama haya.

Tulimpelekea mwalimu, bila kutaja jina. Hakushangaa kama tulivyotarajia. Alisema mambo mawili. La kwanza, anayetafiti haandiki majina. Anaweka herufi, na hata herufi azipange ili asijulikane mtu kwa idadi ya watoto wake. La pili, hesabu hizi si zetu. Zina mwenyewe, na mwenyewe ni Mama. Kabla ya kuandika mstari mmoja, twende tukamsomee yote, na akisema hapana, basi ni hapana, tutatafuta mradi mwingine na yeye atatupa muda.

Tulimsomea Jumapili jioni, baada ya kufunga kibanda. Alikaa kwenye mkeka akichambua mchele, hakuinua kichwa. Tulipofika kwenye orodha ya madeni, iliyokuwa bado na majina, alitusimamisha. “Huyu ondoeni. Na huyu.” Tukauliza kwa nini, chapati wamechukua, pesa hawakutoa. Wa kwanza alikuwa bibi mjane wa nyumba ya nyuma. Wa pili ni kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu. “Hao siwadai,” alisema Mama. “Sijawahi kuwadai. Mtu huwa mdaiwa kama unamdai.”

Daftari letu lilikuwa na safu mbili: pesa na deni. Katika vitabu vya ujasiriamali tulivyokuwa navyo hakukuwa na safu ya tatu. Tukaichora kwa rula usiku ule ule, tukaiita sadaka, na hesabu nzima ikabadilika. Madeni yalipungua, si kwa sababu mtu amelipa, bali kwa sababu sehemu yake haikuwa deni tangu mwanzo. Kilichobaki ndicho kilichokuwa kinakula karo. Kwenye ripoti ya Kiingereza tulieleza safu hiyo kwa ukurasa mzima, na mwalimu mwingine aliyekuja kusahihisha alitaka tuiondoe, akisema sadaka si hesabu. Yetu akaitetea. Tunadhani alikuwa sahihi: kama huijui sadaka ya mwenye kibanda, hata hasara yake huwezi kuijua.

Kuna jambo lingine la usiku ule. Sisi tumesoma madrasa tangu tukiwa na miaka mitano, na Suratul Baqara tuliihifadhi kabla ya kumaliza shule ya msingi. Aya yake ya 282 ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur’ani, na kila mtoto wa madrasa anaijua kwa sababu ndiyo inayokata pumzi. Tulishindana nani ataisoma bila kukwama. Na aya hiyo inahusu nini? Inahusu kuandika madeni: mwandishi, mashahidi, muda wa kulipa. Tulikuwa nayo kifuani miaka yote tuliyokaa kwenye kibanda ambacho madeni yake yako ukutani kwa vijistari. Tulipoitaja, Mama aliacha mchele. Akasema isomeni, kisha semeni maana yake polepole. Tukasema kadiri ya ujuzi wetu, na siku ya pili tukamwomba ustadhi aje ampe tafsiri iliyo sawa.

Baada ya hapo Mama aliruhusu ripoti, kwa herufi, na mwenyewe akaamua kuwa kuanzia wiki ile kila deni litaandikwa mbele ya anayekopa na kusomwa kwake kabla hajaondoka. Ile safu ya sadaka aliruhusu ikae kwenye ripoti ya shule tu. Kwenye daftari la kibanda aliifuta kwa mkono wake. Alisema hiyo ina waandishi wake.

Ndugu wa Baba alikasirika. Hatuwezi kusema hakukasirika. Alisema watoto wa siku hizi wanafundishwa kuhesabu matonge ya watu, na karibu mwezi mzima hakupita kibandani wala hakuja nyumbani. Baba, ambaye ni fundi wa ujenzi na mara nyingi yuko mbali na nyumbani, ilibidi arudi kuzungumza naye. Walikaa nje mpaka usiku. Hatujui walisema nini. Alilipa sehemu, kidogo kidogo, na sehemu nyingine Baba akamsamehe Mama akiwepo na kuridhia. Sasa anakuja tena, ila hanywi chai kama zamani, anaaga mapema. Tunapoandika haya bado linatuuma. Mradi wa mwanafunzi wa sabuni hauna gharama ya namna hii, na hatutaki kuwadanganya wazazi kuwa kila kazi ya shule huishia kwa furaha. Lakini karo ya muhula wa tatu mwaka ule ililipwa wiki ya kwanza.

Wengine darasani hawakufanya chochote. Karibu na shule kulikuwa na sehemu ya kuchapisha karatasi ambapo ripoti iliyo tayari iliuzwa, na picha zake, na jina lako likawekwa juu. Baadhi ya wazazi ndio waliotoa pesa hizo, wakiona wanamsaidia mtoto. Sisi tunasema hivi: ripoti ya kununua hakuna mtu nyumbani aliyeikasirikia, wala aliyeisikiliza akichambua mchele. Mwalimu mwenye wanafunzi mia anaweza asiitambue. Mtoto ataitambua.

Mtaala wenyewe una mapungufu, tusifiche. Umekuja na gharama ambazo familia nyingi hazina: kuchapisha, intaneti, nauli za kwenda kuhoji watu. Shule zenye maabara na maktaba zinakwenda, na zile zisizo nazo zinabaki kuchora picha za maabara. Walimu wengi walipewa mafunzo ya siku chache wakaachiwa madarasa. Na kukariri hakujafa, wala hatutaki kufe. Katika kemia kuna vitu lazima uwe navyo kichwani, na sisi tulikuwa wepesi navyo kwa sababu ya hifdhi. Anayemwambia mtoto aache madrasa ili apate muda wa miradi, kwa maoni yetu, anamkata mguu mmoja ili mwingine ukue.

Mtihani tuliufanya mwishoni mwa 2024, na matokeo yakatoka Februari 2025. Hayakuwa na madaraja kama ya zamani, bali kila somo herufi yake, A mpaka E, basi. Majirani walikuja kuuliza, “Wamepata daraja la ngapi?” na Mama hakuwa na cha kuwaambia, akawa anawajibu “wamefaulu, alhamdulillah” na kuwaongezea chai. Ujasiriamali tulipata vizuri sote wawili. Hesabu mmoja wetu alimwacha mwingine mbali, na hapo ndipo njia zilipotengana: mmoja akaenda kidato cha 5 kwa masomo ya sayansi, mwingine akachagua chuo, anasoma uhasibu. Tangu tuzaliwe hatukuwahi kukaa madarasa mawili. Muhula wa kwanza tulipigiana simu kila usiku mpaka Baba akauliza hayo mazungumzo yanalipiwa na nani.

Mzazi mwenye mtoto kidato cha 3 tunamwomba jambo moja tu. Mtoto akija na mradi, usimuulize kwanza unahitaji shilingi ngapi. Muulize anataka kujua nini. Kama hana jibu, mtume kwa bibi yake, au kwa fundi wa jirani, au jikoni kwako mwenyewe, kisha uwe tayari kusomewa.

Daftari la kibanda sasa ni la nne. Anayeliandika ni mdogo wetu wa kiume, yuko kidato cha 2, na mwandiko wake ni mbaya sana lakini jumla zake ziko sawa. Ameanza kudai alipwe mshahara kwa kazi hiyo, akisema kwenye ujasiriamali wamefundishwa kuwa nguvu kazi ni gharama. Mama amemwambia aongeze safu ya chapati anazokula yeye, kisha waje wazungumze.